Saa Kumi na Mbili hadi Saa Kumi na Mbili

Kiwandani wananiita Mama Dakika, na sidhani kama ni kwa mapenzi. Mimi ni karani wa mahudhurio. Ukichelewa dakika nne, mashine ya kidole inajua, na ikishajua mashine ninajua na mimi, na mwisho wa mwezi utazikuta dakika zako zimepangwa kwenye jedwali langu la kompyuta, safu ya tano, kwa rangi nyekundu. Watu wamejaribu kunibembeleza kwa soda, kwa salamu ndefu, hata kwa shangazi aliyefariki mara tatu katika mwaka mmoja. Sibembelezeki. Ndivyo nilivyoumbwa, na kwa kazi hii nadhani niliumbwa vizuri.

Kiwanda chetu kinatengeneza magodoro. Mume wangu ni mlinzi wa usiku kwenye lango la mbele, na utani wake nimeusikia mpaka masikio yameota sugu: analinda magodoro elfu tatu na halalii hata moja. Yeye huucheka kila mara kana kwamba ni mpya. Ana moyo mweupe, huyo mwanamume, na ni mkimya. Ukimya wake ndio niliompendea, na ndio uliokuja kunitesa.

Anaingia kazini saa kumi na mbili jioni, anatoka saa kumi na mbili asubuhi. Mimi naingia saa mbili asubuhi, natoka saa kumi na moja jioni. Nikifika nyumbani, basi langu limekwisha mpita njiani, na kiti chake bado kina joto. Jumapili nipo nyumbani kutwa, naye amelala fofofo. Usiku wake wa mapumziko ni Jumanne, na hapo mimi ndiye ninayelala nikiwa hoi, yeye yuko macho anatazama dari. Binti yetu aliambiwa shuleni achore familia. Alinichora mimi nimesimama na mkoba, akamchora baba yake amelala chali. Mwalimu akaniuliza kwa upole kama baba mtoto anaumwa.

Tulichobakiwa nacho ni asubuhi. Gari la shule humchukua mtoto saa kumi na mbili na robo. Mwenzangu hutoka langoni saa kumi na mbili kamili, na kwa miguu yake mirefu anapaswa kuwa mlangoni saa kumi na mbili na dakika arobaini. Mimi naondoka saa moja na dakika ishirini. Toa hapo: dakika arobaini. Chai moja, maneno machache, mkono begani.

Sitaona haya kusema kwamba dakika hizo niliziwekea jedwali. Lilikuwa langu peke yangu, nimelificha ndani ya faili la orodha ya vifaa vya usafi, mahali ambapo hakuna binadamu angefungua kwa hiari yake. Safu ya kwanza tarehe, ya pili saa aliyofika, ya tatu saa niliyoondoka, ya nne tofauti yake. Mwaka wa kwanza wa jedwali hilo, wastani ulikuwa dakika thelathini na nane. Wa pili, ishirini na tisa. Wa tatu, kumi na saba. Mwaka huu, sita. Mwanamume aliyekuwa akiingia saa kumi na mbili na dakika arobaini sasa alikuwa akiingia saa moja na robo, anasema habari za asubuhi, ananipisha mlangoni. Namba hazina huruma. Nilizitazama kila Ijumaa na kila Ijumaa nikazidi kuumia. Nilimtamani mume wangu, na nilikuwa nikiishi naye.

Kwa nini sikumwuliza? Kwa sababu mimi nina hasira za kimyakimya, zile za kuosha sahani kwa nguvu. Nilijiambia kwamba mtu anayekuhitaji hasubiri kuulizwa.

Zaidi ya hapo kulikuwa na suala la likizo. Miaka mitano ya mwanzo ya ndoa yetu, wakati kila kitu kilikuwa kwenye madaftari makubwa na karani alikuwa mzee mmoja wa miwani minene, mume wangu alipata siku ishirini na nne za likizo kila mwaka, nami nikaomba zangu ziangukie humohumo. Siku ishirini na nne za kulala usiku mmoja na kuamka asubuhi moja. Alikuwa akitengeneza meza iliyolegea, anavunja glasi, anaimba vibaya bafuni. Tulikuwa tukila chakula cha jioni jioni. Ukimwambia mtu mwingine kwamba hiyo ndiyo raha unayoikumbuka katika maisha yako atakuonea huruma, lakini ndiyo ninayoikumbuka.

Kisha karani wa miwani alistaafu, kompyuta zikaja, na mimi nikakabidhiwa kuunda jedwali la wafanyakazi wote mia tatu na kumi. Nililiunda kwa miezi miwili. Hesabu za likizo zikawa zinajiendesha zenyewe: kila saa mia moja hamsini na sita za kazi huzaa siku moja ya likizo, na mwaka ukiisha jedwali linatoa orodha, naichapa, naitia sahihi, naibandika ubaoni karibu na kantini. Siku nilipolimaliza, mkuu wa utumishi, mama mnene mwenye sauti ndogo kama ya mtoto, aliniita ofisini kwake.

"Umefanya kazi nzuri," akasema. "Sasa kuanzia leo, mstari wa mumeo usiuguse. Uache ujiendeshe. Sitaki mtu aseme Mama Dakika anampendelea mzee wake."

Nikaapa, na mimi nikiapa nimeapa. Sikuugusa. Hata kuutazama niliutazama kwa kupita tu, kwenye orodha iliyochapwa, kama unavyopita mbele ya nyumba ya mtu mliyegombana. Orodha ya kwanza ilipotoka, mbele ya cheo cha mlinzi wa lango la mbele kulikuwa na kistari. Kwenye jedwali letu sifuri huonekana kama kistari, kwa sababu mkuu hapendi karatasi iliyojaa mayai. Nikadhani basi kwamba hakujiandikisha likizo mwaka ule, kwani wapo wanaoahirisha, na aliyeahirisha naye huonekana sifuri. Nikasubiri aniambie sababu. Hakusema kitu. Mwaka wa pili, kistari. Wa tatu, kistari. Nikahitimisha kwamba mume wangu anaona afadhali lango kuliko mimi, na nikaendelea kuosha sahani.

Mtu aliyekuja kunizindua alikuwa Mzee Tochi, mlinzi wa lango la nyuma. Alikuwa anakaribia kustaafu, amebakiza miezi miwili, na alikuwa amepewa nakala ya cheti chake cha utumishi ili akikague kabla hakijatiwa mhuri. Alikuja dirishani kwangu mchana, wakati ambapo yeye huwa kitandani, amevaa shati lililopigwa pasi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja na jambo dogo, usinikasirikie. Mimi kusoma nasoma polepole, huenda nimekosea." Akanisogezea karatasi, akaweka kidole. "Hapa wameandika nimefanya kazi saa ngapi tangu kompyuta zije?"

Nikasoma. Jumla ya saa za kazi kwa miaka minne: kistari.

"Nimesema labda ni kawaida," akasema. "Lakini wajukuu wangu watakiona hiki cheti. Wataniuliza, babu, ulikuwa unakwenda wapi kila jioni?"

Alikuwa anatabasamu, lakini kidole hakukiondoa kwenye kile kistari. Nikamwambia akae. Nikafungua jedwali, nikaenda kwenye ukurasa wa ulinzi, ambao kwa kweli sikuwa nimeufungua tangu nilipouunda, maana walinzi wa usiku ni wawili tu, yeye na mume wangu, na mshahara wao ni wa mwezi, hauhesabiwi kwa saa. Kuingia 12:00. Kutoka 12:00. Usiku hadi usiku, mwezi hadi mwezi, sawasawa kabisa na daftari la lango. Sikuona kosa. Nikatazama tena, sikuona kosa.

Inabidi nieleze jinsi ilivyokuwa. Mashine ya kidole imefungwa ndani ya ofisi, na ofisi hufungwa saa kumi na moja. Kwa hiyo walinzi wa usiku wanaandika kwa mkono kwenye daftari: nimeingia saa 12:00, nimetoka saa 12:00. Hata mtoto mdogo kwetu anajua maana yake. Nilipokuwa naunda jedwali niliandika hivyohivyo mstari wa juu, nikaburuta mpaka chini, na kwa kila mwezi mpya lilijinakili lenyewe. Mkaguzi wa hesabu alipita, akasoma saa kumi na mbili hadi saa kumi na mbili, akaridhika. Mkuu akasoma, akaridhika. Sote tulikuwa tunasoma jua likizama na jua likichomoza.

Nikabonyeza kisanduku kimoja, na juu ya skrini kompyuta ikaniandikia inavyokielewa yenyewe: saa sita mchana. Nikabonyeza cha pili: saa sita mchana. Kwa kompyuta, mume wangu na Mzee Tochi walikuwa wakifika langoni adhuhuri na kuondoka adhuhuri hiyohiyo, kwa dakika ileile, usiku mia tatu na kumi na mbili kila mwaka. Toa kumi na mbili kwenye kumi na mbili. Inabaki kistari.

"Umekiona?" akauliza Mzee Tochi.

"Nimekiona, mzee. Kosa ni langu."

"Basi ni dogo," akasema, akafarijika. "La mtu hurekebishika. Niliogopa ni la mashine."

Nilikwenda kwa mkuu moja kwa moja. Sikujitetea, nilimweleza tu. Alinisikiliza, akanyanyuka, akaja mpaka kwenye meza yangu, akaketi kwenye kiti changu.

"Mstari mmoja ni wa mumeo," akasema. "Nitaandika mimi. Wewe simama hapo nyuma, mikono mgongoni, uniambie."

Nikasimama mikono mgongoni kama mtoto wa shule. Nikamwambia aandike 18:00 kuingia na 6:00 kutoka. Visanduku vyote vikajaa alama za reli, zile #####, kwa sababu kompyuta haikubali mtu atoke kabla hajaingia. Nikamwambia aijulishe kwamba kutoka ni kesho yake, aongeze siku moja. Akaongeza, akaburuta. Kumi na mbili, kumi na mbili, kumi na mbili, ukurasa mzima ukajaa. Saa elfu kumi na nne, mia tisa sabini na sita kwa kila mmoja wao. Na kule mwisho, chini ya neno likizo, kistari kikageuka tisini na sita.

Mkuu akavua miwani. "Tisini na sita," akasema kwa ile sauti yake ndogo. "Na wote wawili hawakuuliza?"

"Hawakuuliza."

"Na wewe?"

Akarudisha miwani, akanieleza kanuni, ingawa kanuni niliijua kuliko yeye: siku za mwaka huu na za mwaka uliopita zinachukulika, za nyuma zaidi zimekwisha kufa. Arobaini na nane zipo, arobaini na nane zimekwenda. Akaniambia atatia sahihi fomu jioni ile ile. Mume wangu angeanza Jumatatu. Mzee Tochi angeweza kwenda nyumbani tangu siku hiyo mpaka kustaafu kwake. Nilipompelekea cheti kipya alikisoma polepole, kidole chini ya kila tarakimu.

"Na saa zote hizo," akasema, "nilikuwa macho."

Usiku ule nililala vibaya. Siku arobaini na nane zilizokufa ndizo zilizonikaa rohoni. Nilizikokotoa kwa kila namna: jioni arobaini na nane, asubuhi arobaini na nane, mara ngapi binti yangu angemwona baba yake amesimama. Nilikuwa nimezifuta kwa mkono wangu, kisha nikamnunia mwenye nazo.

Asubuhi, gari la shule lilipoondoka, nilijaribu kungoja nikashindwa. Fomu ilikuwa mkononi. Nikasema nitamfuata njiani, nimkute barabarani, nimwambie kabla hajapanda ngazi. Tunaishi ghorofa ya pili; ngazi zinashukia uani, na nyuma ya ngazi kuna matangi ya maji na kreti kuukuu za soda. Nikashuka haraka. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika arobaini na mbili.

Alikuwa amekaa juu ya kreti, nyuma ya ngazi, kofia ya kazi gotini, kifuko chake cha chakula miguuni. Alikuwa anatazama ukuta. Aliponiona akasimama upesi, kama mlinzi aliyefumaniwa amesinzia.

"Umekaa hapa tangu saa ngapi?" nikamwuliza.

"Nimefika sasa hivi."

"Usinidanganye mimi."

Akaikunjakunja kofia. "Tangu kumi na mbili na dakika thelathini na tano."

"Na jana?"

"Na jana."

Nikakaa kwenye kreti yake. Akabaki amesimama mbele yangu, mrefu, amechoka, macho mekundu.

"Huwa nangoja ukaribie kutoka," akasema. "Halafu napanda nikusalimu, usije ukasema nakukwepa. Halafu unapata nafasi yako."

"Nafasi ya nini? Nani amekuambia nataka nafasi?"

"Wewe." Hakusema kwa lawama. "Ile likizo ya mwisho, siku ya mwisho kabisa. Ulisema nimekujazia nyumba, nirudi getini kwangu upumue."

"Nilikuwa natania, jamani. Ulikuwa umevunja glasi ya nne."

"Nilijua unatania. Nilicheka, si unakumbuka? Nilijua hivyo mpaka ilipobandikwa orodha. Watu wana siku zao, mimi nina kistari, na chini kuna sahihi yako; sikutazama mstari mwingine." Akaikunjua kofia. "Nikasema, basi, ameona aibu kunitamkia, ameniandikia. Na nyumba ni yako pia. Sikutaka kukubana."

Miaka mitatu mwanamume huyu alikuwa akipita kila Januari mbele ya ubao ule, anasoma kwa sahihi ya mkewe kwamba hatakiwi nyumbani, kisha anakwenda kulinda magodoro. Na anarudi, anakaa kwenye kreti, anahesabu ni dakika ngapi za mkewe anazoweza kuchukua bila kumkera.

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikichanganya adhuhuri na jioni, nikampa fomu, nikalia juu ya fomu. Nilimwambia sikujua, kwamba nilikatazwa kuugusa mstari wake nami nikatii kama mpumbavu, kwamba kila mwaka nilingoja aseme neno moja. Nilimwambia nilimtamani. Neno hilo sikuwa nimelitamka mbele yake tangu mtoto azaliwe, na nililitamka uani, nyuma ya matangi, jirani wa ghorofa ya kwanza akianika nguo.

Aliisoma fomu mara mbili. "Kwa hiyo ni kompyuta," akasema.

"Ni mimi. Kompyuta ilifanya nilichoiambia."

"Arobaini na nane nyingine haziwezi kurudi?"

"Haziwezi."

Akaitikia kwa kichwa, polepole. Nilitamani anigombeze. Akaketi kwenye kreti ya pembeni, bega lake likagusa langu, tukakaa vile mpaka jirani alipomaliza kuanika na kuingia ndani. Kisha akanishika mkono tukapanda. Nikachemsha chai. Saa moja na dakika ishirini ilifika nikaiona ikifika. Niliiona kwenye saa ya ukutani, juu ya kichwa chake. Alikuwa anaeleza habari ya paka aliyezalia langoni, habari ya wiki nzima, hakuwahi kupata muda wa kuisimulia. Nikamwacha aeleze. Nikamwuliza paka ana rangi gani, na wanawe wangapi. Alisinzia mezani katikati ya jibu, kichwa kwenye mkono wangu, na sikuutoa.

Nilifika kiwandani saa nne kasoro dakika kumi na mbili. Nikaweka kidole, mashine ikanisoma, na nilipoketi mezani nikajikuta kwenye jedwali langu, safu ya tano, kwa rangi nyekundu, kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe: dakika mia moja na nane. Safu ya sita ni ya sababu. Wenzangu huandika foleni, mvua, mtoto kaugua. Kanuni inasema kisanduku hicho kisiachwe wazi, na niliyeitunga kanuni hiyo ni mimi. Nikaandika: mume wangu alikuwa nyumbani.